Vihori Vilivyojaa, Kuku Wasiokula

Mtu akisema mbele yangu kwamba fulani ana akili za kuku, damu yangu huchemka. Hajui alichogusa, maskini. Katika shamba lile kuku ndiye kiumbe pekee aliyesema kweli, na aliisema kwa njia aliyokuwa nayo: alikataa kula. Binadamu tulikuwapo, wenye midomo na meno na shule, na binadamu wakacheza ngoma.

Nitajaribu kueleza taratibu, ingawa utaratibu si tabia yangu.

Mama yangu alikuwa mlishaji wa kuku katika shamba moja nje kidogo ya Lubumbashi, upande wa Kasapa. Baba alifariki nikiwa mdogo, na mama akaajiriwa na Mgiriki mwenye shamba, akapewa na chumba cha kuishi nyuma ya ghala. Mgiriki hakuwa malaika. Alikuwa mkali, na mshahara wake ulikuwa mwembamba kama uzi. Lakini kuku aliwajua. Chakula chao kilikuwa mahindi yaliyosagwa, mashudu ya karanga, na unga wa samaki uliokuja kwa magunia. Mama alikimwaga sakafuni, akakichanganya kwa koleo mpaka rangi yake ikawa moja, kisha akakipeleka kwenye vihori kwa ndoo. Alinuka samaki mchana kutwa. Nikiwa shule ya msingi wenzangu walinitania kwamba mimi ni mtoto wa ndagala, ndivyo tunavyoita dagaa, nikawapiga, nikapigwa.

Kuku walimpenda. Alikuwa na namna yake ya kuwaita, mlio mfupi wa ulimi, na banda zima lilikuwa likimkimbilia kwa kishindo cha mabawa. Nilipoanza masomo ya mifugo pale kampasi ya chuo kikuu, nilikuwa nikitembea kwenda kumwona kila Jumamosi, na mlio ule niliusikia kabla sijamwona mwenyewe.

Kisha serikali ikachukua maduka na mashamba ya wageni, ikawagawia wananchi. Mgiriki akaondoka na sanduku. Shamba letu likaangukia kwa mtu wa chama. Alikuja na abakosti, lile koti lisilovaliwa na tai ambalo wakubwa wote walilivaa siku hizo, na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kwenye banda la kuku! Mama alimpindulia ndoo akanyage juu yake asichafuke. Nikikumbuka heshima ile alimpa nani, natamani kutupa kitu ukutani.

Jambo la kwanza alilolibadilisha halikuwa kuku, ni asubuhi. Kabla ya kazi, wafanyakazi wote walitakiwa kujipanga mbele ya ghala, kuimba na kucheza kwa ajili ya chama na kiongozi wake. Ndivyo ilivyokuwa kila mahali wakati ule, ofisini na shuleni pia, sitasema kwamba yeye ndiye aliyebuni. Kilichokuwa chake ni kwamba kuku walingoja. Jua lilipanda, kuku walilia bandani, na mama yangu, mwanamke mzima mwenye magoti mabovu, alikuwa akitikisa kiuno uani kwa sababu patron, yaani bosi huyo mpya, alikuwa amekaa kwenye kiti akiangalia nani anatikisa na nani anajifanya.

Jambo la pili lilikuwa samaki. Siku moja lori liliingia, likabeba magunia yote ya unga wa samaki, na mashudu juu yake. Yalikwenda kuuzwa, kila mtu alijua, hata mlinzi alisaidia kupakia. Mama aliuliza mapya yatafika lini. Patron alicheka.

“Mama, tata yangu kule mu mugini alikuwa na kuku mingi. Aliipatia samaki siku gani? Kuku inakulaka mahindi. Patia yo mahindi, jaza vihori, basi.”

Hapo ndipo penye ujinga wenyewe. Kuku wa babu yake kijijini walikuwa wakitembea. Walikuwa wakifukua mchwa, wakimeza panzi, wakichokora jaani, na mahindi kwao yalikuwa nyongeza tu. Kuku wa shambani walikuwa wamefungiwa ndani. Mama aliomba awafungulie japo mchana wafukue kidogo. Akakataliwa, eti wataibwa.

Basi wakapewa mahindi matupu, na vihori vikajazwa mpaka pomoni. Waswahili wanasema usimwage mtama penye kuku wengi. Kwetu mahindi yalimwagwa penye kuku wengi na hakuna aliyejali. Walikuwa wanakuja, wanadonoa kidogo, wanasita, kisha wanageuka na kwenda kusimama ukutani. Manyoya yao yakaanza kukosa mafuta. Mayai yakapungua. Mama alikuwa akipiga mlio wake wa ulimi, wanakuja kwa mazoea, wanatazama kihori, halafu wanamtazama yeye.

“Beko na njaa,” aliniambia Jumamosi moja, ameshika kuku mmoja kifuani, mwepesi kama kikapu kitupu. “Ninaona beko na njaa. Lakini kinywa haitake. Juu ya nini?”

Kwa nini, ndilo swali alilokuwa akiniuliza. Jibu nililipata darasani baada ya muda si mrefu. Mwalimu wetu wa lishe ya wanyama alikuwa mtu mkavu, hacheki wala hainui sauti. Alitueleza kwamba protini hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi za amino. Baadhi yake mwili wa kuku unajitengenezea wenyewe, nyingine hauwezi, lazima ziliwe. Mahindi yana upungufu wa asidi mbili hasa, lisini na triptofani, na samaki ndiye anayeziba pengo. Hayo tuliyajua. Kilichonifanya niweke kalamu chini ni maneno yaliyofuata. Chakula kikikosa hata asidi moja kati ya hizo, alisema, damu hupeleka habari kichwani, na ubongo hutambua. Ukishatambua, hufunga hamu ya kula. Tumbo linaweza kuwa tupu na kihori kimejaa, na kuku akaondoka zake, kwa sababu ubongo umeshajua kwamba chakula kile hakitamjenga. Mafundi nao, alisema, matofali yakijaa kiwanjani na saruji hakuna, huweka miiko chini na kukaa. Namna hasa ubongo unavyolifanya jambo hilo wataalamu bado wanabishana. Lakini unalifanya.

Sikungoja Jumamosi. Nilikwenda shambani jioni ileile, nikamkuta patron anapanda gari. Siku hizo tulikuwa tumeamriwa kuitana sitwayeni, yaani raia, kwa hiyo nilimwita sitwayeni patron, kwa adabu zote, nikamweleza kama nilivyofundishwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita kapita, msimamizi wa wafanyakazi, aje asikie na yeye.

“Sitwayeni mwanafunzi anasema kuku iko na bongo,” akamwambia. “Kama iko na bongo, juu ya nini inalala mu nyumba yangu na haijenge yake?”

Kapita alicheka. Dereva alicheka. Mlinzi pale getini, ambaye hakuwa amesikia neno hata moja, alicheka pia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wanasema wazee, na mimi naongeza kwamba hata akielezwa kwa sayansi hatamjua. Nilirudi kampasi kwa miguu nikiongea peke yangu kama kichaa.

Mama alikuwa na kuku wake mwenyewe, wachache, nyuma ya chumba chake. Wale hawakufungiwa. Siku nzima walikuwa majanini na jalalani, na jioni mama aliwarushia mapumba ya mahindi kidogo. Walikuwa wamenona, manyoya yanang'aa, jogoo wao anatembea kama mwenye shamba. Sikuwaza lolote kuhusu kuku wale. Ni chakula kilekile cha kuku wa babu yake patron, mahindi pamoja na wadudu, na mtu yeyote mwenye macho angeelewa kwa nini wao wamenona na wale wa bandani wamekonda. Lakini kuna watu wanaotumia macho yao kutafuta wa kumlaumu.

Chama kikatangaza ziara. Wakubwa walikuwa wanakuja kutazama jinsi mashamba yaliyokuwa ya wageni yanavyostawi mikononi mwa wananchi. Patron aliamuru vihori vijazwe mpaka mahindi yawe vilima, vihori viwili viwili badala ya kimoja, ili jicho la mgeni lione neema. Mama alimwambia kuku hawatakula. Akajibiwa kwamba mgeni haji kuona kuku wakila, anakuja kuona kuku wana nini cha kula. Neno hilo nililisikia kwa masikio yangu, nimesimama pale na ndoo mkononi, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi. Nimeliweka miaka yote hii, na sijawahi kusikia mtu akiueleza utawala ule kwa ufupi zaidi.

Wakubwa walifika siku ileile. Ngoma zikapigwa, mama akacheza na magoti yake. Wakaingia bandani, wakasifu vilima vya mahindi. Mmoja wao, mzee mnene mwenye fimbo, hakusifu. Alisimama akatazama kuku wamejipanga ukutani, wamekonda, wamegeuzia mahindi mgongo. Akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya ubaya hata kidogo, “Hizi kuku zinagonjwa nini? Chakula iko tele na hazikule?”

Patron alitoa leso. Alikuwa na njia mbili tu. Aseme ukweli, kwamba samaki wameuzwa, au aseme kitu kingine. Na pale nje, kupitia mlangoni, jogoo wa mama akapita na mitetea yake nyuma, wote wanang'aa. Nilimwona patron anawaona. Mpaka leo namwona anavyowaona.

“Ile kuku ya kule ni ya nani?” akauliza, kana kwamba hakujua.

Kapita akamjibu ni za mama mlishaji.

“Ah,” akasema patron. “Kumbe. Za kwangu zinakufa na njaa mbele ya chakula, za kwake zinanona bila chakula. Minasikia.”

Hakuhitaji kusema zaidi. Kwetu, kitu kikipungua kwa mmoja na kuongezeka kwa jirani yake, watu hawaulizi kimepungua vipi. Wanauliza jirani anajua nini. Kabla wageni hawajamaliza vinywaji vyao, neno lilikuwa limeshazunguka uani: mama amefunga vinywa vya kuku wa patron, hamu yao ameipeleka kwa kuku wake. Bulozi. Uchawi. Mwanamke aliyeamka kabla ya wote kwa miaka, aliyelala na vifaranga chumbani mwake wakati wa baridi ili wasife!

Wageni walipoondoka wafanyakazi wote wakaitwa mbele ya ghala, pale pale pa ngoma. Mama alisimamishwa katikati. Patron alikaa kwenye kiti chake. Alikuwa ametulia sasa, mtu aliyetua mzigo. Alisema hataki polisi, hataki kelele, mama akubali tu na afungue.

Mama alisema, “Sina kitu ya kufungua, patron.”

Nikaingia katikati. Wapo waliowahi kunitaka nijutie nilichofanya baada ya hapo. Sijuti, na asinihubirie mtu. Nilisema kwamba jambo hili linaweza kuonekana kwa macho, leo hii, bila mganga wala kiapo. Nilisema nipewe muda wa kwenda sokoni. Patron alitazama watu, akaona wanataka kuona, akaniruhusu kwa mkono.

Nilirudi na ndagala wakavu na mashudu ya karanga. Tukawatwanga ndagala kwenye kinu cha mama. Nikaomba vihori viwili vimwagwe, vioshwe. Kimoja tukatia mahindi matupu, kingine mahindi yaleyale pamoja na samaki na mashudu. Mama ndiye aliyechanganya, kwa mikono, kwa sababu ndiye aliyejua kipimo. Tukaviweka bandani kando kwa kando. Watu walijaa mlangoni. Mama akapiga mlio wake.

Walikuja polepole. Wakadonoa kihori cha kwanza, wakaondoka. Wakadonoa cha pili. Kuku mmoja mweupe aliinua kichwa, akatulia, kana kwamba anasikiliza jambo ndani ya fuvu lake. Kisha akainama na hakuinuka tena. Akaja mwingine. Kufumba na kufumbua walikuwa wamepandana juu ya kihori kile, wanasukumana, wanameza, wanalia kwa pupa, na kihori cha mahindi matupu kimesimama pembeni hakina mteja. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyofundishwa katika miaka yangu yote ya shule. Niligeuka nikiwa nacheka. Niliamini kwa moyo mmoja kwamba tumeshinda.

Watu walikuwa wamerudi nyuma. Wanawake wawili walikuwa wamefunika midomo. Na kapita, ambaye mama alimuuguza alipopata malaria, ambaye alikula ugali wetu kwa bakuli letu, alinyoosha kidole kwa mikono ya mama iliyojaa unga.

“Mumeona?” akasema. “Amegusa na mikono yake, ameita na ulimi yake, zinakula. Ule anafunga njo ule anafungua.”

Ndivyo wanavyoamini watu wetu, na nilikuwa nimesahau, mimi msomi: dawa ya fundo anayo aliyelifunga. Nilipiga kelele. Nilisema ni samaki, onjeni, nuseni, wekeni ninyi wenyewe kwa mikono yenu, nitoke mimi, atoke mama! Hakuna aliyesogea. Patron hakuonekana kushangaa. Alinyanyuka akajipangusa abakosti, akasema kwamba kwa kuwa mama amefungua, amemsamehe, ila aondoke shambani kabla ya jua kuchwa. Alisema kwa upole. Upole ule ndio ninaouchukia kuliko yote.

Mtu yule hakuamini uchawi hata chembe, na ushahidi ninao. Kuku wa mama walibaki, hakuruhusiwa kuwachukua, eti ni vitu vya bulozi, vitachomwa. Jumatatu nilipopita kuchukua kinu, mke wa kapita alikuwa amekaa mbele ya nyumba ya patron ananyonyoa jogoo. Sufuria ilikuwa jikoni. Walikula wote, jogoo na mitetea, wakalamba na mifupa. Nani anakula kuku wa mchawi? Na kwenye vihori, nilichungulia, yalikuwa mahindi matupu tena, vilima. Na wafanyakazi walikuwa wamecheza asubuhi ile kama kawaida. Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa rafiki wa mama yangu kama walicheza. Akasema, “Tungefanya je?” Nilichukua kinu nikaondoka.

Mama alikwenda Sakania, mji wa mpakani na Zambia, kwa kaka yake, kwa treni. Mjomba alimtafutia meza ndogo karibu na stesheni, na akaanza biashara pekee iliyokuwa wazi kwa mjane bila mtaji mkubwa: ndagala wakavu kutoka ng'ambo ya mpaka. Samaki walewale. Nilipomaliza masomo nilikwenda kumtembelea, na nilikuwa na furaha, nilikuwa nimembebea kitenge.

Nilimkuta ameshika fimbo. Chini ya meza kulikuwa na lundo la mawe madogo. Kuku wa Sakania hutembea ovyo kwenye reli na vibandani, na vichwa vya ndagala na vumbi lake lilikuwa likidondoka kutoka kwenye meza yake kutwa nzima, kwa hiyo kuku wote wa mtaa walimfuata yeye. Akiinuka wanainuka. Akienda kuchota maji wanakwenda nyuma yake kwa safu. Na mama yangu, aliyekuwa akiwabeba vifaranga kifuani, alikuwa akiwarushia mawe, akitazama kushoto na kulia nani ameona. Kuku wa watu. Wanamfuata mwanamke mgeni. Alikuwa ameshajifunza mambo hayo yanavyosomwa.

Mlio wa ulimi hakuupiga tena. Sikumsikia akiupiga mpaka alipofariki.

Siku ile nilikaa naye mezani. Nikaanza kumweleza upya, kana kwamba kueleza vizuri zaidi kungerudisha kitu. Nilimwambia kuhusu asidi za amino, triptofani, damu inavyopeleka habari, ubongo unavyofunga na kufungua hamu. Nilimwambia hawa nao wanamfuata kwa sababu hiyohiyo, wanajua kilichomo katika samaki wake, vichwa vyao vinajua. Nilikuwa naongea kwa sauti, najijua, na wateja wawili walikuwa wamesimama.

Mama aliniwekea mkono mdomoni. Ulikuwa unanuka samaki, kama zamani.

“Mutoto yangu,” alisema polepole, “usiseme ile maneno na nguvu. Bantu batasikia, batasema njo miye nilikufundishaka bulozi.”

Wale wateja walikuwa wameshaondoka. Akaokota jiwe, akamtupia kuku aliyekuwa karibu na mguu wake.